Rangi Haikauki Julai

Dukani Njombe mjini waliniuliza, "Nyekundu gani, dada?"
Kumbe nyekundu ni nyingi: ya geti, ya paa,
ya mlango wa kanisa, ya meza za soda.
Nikasema, ya trekta.
Muuzaji akakoroga kwa kijiti, akanipa lita nne,
tina nusu chupa, misasa mitano,
na onyo: "Usipake kukiwa na ukungu."

Julai. Uwemba. Usipake kukiwa na ukungu.
Angeniambia tu nihame.

Baba hakuwahi kulipaka. "Trekta si bibi harusi," alikuwa akisema,
akimwaga oili, akifuta mikono kwenye suruali ileile.
Alilinunua kuukuu, likazidi kuwa kuukuu,
likalima viazi vyetu, na vya kina Ngailo,
na vya wajane bila malipo, ingawa hilo hakulisema.
Kisha magoti yake yakagoma kabla ya injini,
nalo likasimama nyuma ya ghala,
kuku wakitagia kitini.

Siku ya kwanza nilisugua tu.
Msasa unakula kutu, unakula na vidole.
Chini ya nyekundu, nyekundu iliyochoka zaidi;
chini yake kijivu;
chini ya kijivu, chuma, baridi kama maji ya asubuhi.
Mimi niliyewahi kupaka kucha,
na msalaba mmoja wa mbao, mweupe, mwaka juzi.

Madigadi ya kushoto sikuigusa kwa msasa.
Hapo palikuwa panang'aa tayari.
Hapo ndipo mama alipokuwa akikaa, debe la mbegu mapajani,
mkono mmoja kwenye debe, mwingine kwenye bega la baba,
kutoka nyumbani hadi bondeni, kutoka bondeni hadi nyumbani.
Vitenge vyake vilifanya kazi ya msasa
miaka ishirini na mitatu.
Nikapaka juu yake hivyohivyo, mikono miwili, nyembamba,
bila kuvuta pumzi.

Baba alileta kigoda chake, kabuti limefungwa hadi kidevuni.
Hakusema rangi ni nzuri. Hakusema ni mbaya.
Alisema, "Bomba la moshi liache."
Nikalipaka. Lingebakije jeusi,
kama pua ya mtu aliyesahau kunawa?

Usiku wa kwanza, ukungu.
Wa pili, ukungu, na jalidi juu ya majani ya viazi.
Kila asubuhi Obeti, mtoto wa kaka, alitoka na blanketi lake,
akagusa boneti kwa kidole kimoja:
"Bado, shangazi."
Alama za kidole chake zipo mpaka leo, nne,
pamoja na mbu mmoja, na sindano ya msindano
iliyodondoka ikapapenda palepale.

Siku ya tano jua likaja kama mgeni aliyepotea njia.
Betri ilikuwa imekufa. Tukaita majirani,
tukalisukuma mteremkoni, watu saba na mbwa,
likakohoa, likanyamaza, likakohoa,
likaamka.

Na bomba likaanza kuchemka.
Nyekundu yangu ikavimba malengelenge, ikanuka,
ikabanduka vipande vipande kama ganda la kiazi cha kuchemsha.
Baba akacheka mpaka akashika ukuta.
Tangu mwaka juzi sijasikia kicheko kile.
"Nilisema," akasema. "Sikusema?"

Ndugu Ngailo akamsukuma kwa nyuma, akapanda.
Akashika usukani, akaangalia kushoto,
akaipigapiga madigadi kwa kiganja,
kama mtu anayemtengea mwenzake nafasi kwenye benchi.
"Kaa."
"Baba, rangi haijakomaa."
"Kaa, tunachelewa."

Tulichelewa nini, sijui. Viazi vilikuwa havijaiva.

Niliposhuka bondeni, suruali yangu ilikuwa nyekundu nyuma,
Obeti akicheka, akinionyesha kidole,
na pale nilipokaa
chuma kilikuwa kimeanza kuchungulia.